Magari Yangu ya Rimoti Yaliyoitwa Ndagu

Nina umri wa miaka arobaini na minne, mkazi wa Tunduma, baba wa mtoto mmoja ambaye siishi naye. Nimechoka, ndugu zangu wasomaji. Sijachoka kwa kazi... nimechoka kwa kueleza. Nimewaeleza ndugu, majirani na wachungaji jambo lile lile, na kila mmoja ananisikiliza huku akiangalia pembeni. Basi leo nawaeleza ninyi msionijua.

Magari ya rimoti niliyapenda tangu utoto. Baba yangu alikuwa dereva wa malori ya kwenda Lusaka, na miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje zilipoanza kumiminika, aliniletea kigari chekundu aina ya jipu chenye antena. Kilikula betri mpaka mama akalalamika kwamba redio yake inakufa njaa! Baadaye yakaja mengine. Niliyapanga chini ya kitanda, nikawa nayapangusa vumbi kila Jumamosi.

Baba alipofariki, baba zangu wadogo walikuja kugawa mali. Waligawa baiskeli, waligawa makoti, waligawa redio... na magari yangu pia! Binamu yangu aliondoka nayo kwenye gunia, nami nimesimama mlangoni nalia. Mtoto angesema nini mbele ya wazee?

Maisha yakaenda. Nikawa wakala wa forodha, yaani mtu anayeshughulikia karatasi za malori yanayovuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Nikamwoa Atupele, Mndali wa Ileje, mwanamke mcheshi asiyeweka kitu moyoni. Mungu akatupa binti, Neema.

Siku moja, miaka kadhaa kabla Songwe haijawa mkoa, dereva mmoja Mzambia aliyekuwa amekwama kwenye foleni aliweka boksi juu ya meza yangu. Akasema, "Mukwai, bwana mkubwa, nunua wewe hii, mimi nataka hela ya kula." Ndani yake mlikuwa na lori la rimoti, lina tela, lina taa zinazowaka! Wasomaji, mimi mtu mzima mwenye ndevu, machozi yalinilengalenga.

Nililinunua. Likaja la pili, likaja la tatu... Madereva wa Durban wakanizoea, kila safari mmoja ana boksi langu nyuma ya kiti.

Hapa ndipo nilipokosea. Sikumwambia mke wangu. Wakala mwenye ofisi na wateja, anacheza na vigari? Niliona aibu! Nikakitia kufuli chumba cha uani, nikamwambia Atupele ni stoo ya nyaraka za wateja. Jioni nikitoka kazini najifungia humo, naendesha, natengeneza, napaka rangi. Kazi ya rangi ndiyo iliyoniteka zaidi. Nilichagua malori niliyoyafahamu barabarani, nikakipaka kigari rangi ile ile, nikaandika hata maneno ya nyuma ya lori lenyewe. Uchovu wote wa mpakani uliniisha mle ndani.

Aliyejua ni mtu mmoja tu, Jailosi, msaidizi wangu wa ofisini. Nilimchukua akiwa hajui kitu, nikamfundisha kazi, akawa kama mdogo wangu wa damu. Alinisaidia kubeba maboksi. Siku moja nikiwa naendesha lori moja, lingine lililokuwa pembeni nalo likaanza kutembea. Jailosi alirudi nyuma hadi ukutani.

"Kaka... na hilo nani analiendesha?"

Nilicheka sana. Nikamweleza kwamba yote mawili yanapokea mawimbi yale yale, ndiyo maana rimoti moja imeyaamsha pamoja. Akaitikia kwa kichwa. Kumbe hakuridhika!

Anayeijua Tunduma anajua ndagu ni nini. Ni utajiri wa kishirikina ambao watu husema hulipwa kwa damu ya ndugu. Hapa mtu akijenga haraka, wanasema ndagu. Akinunua gari, ndagu. Nami nilizaliwa hapa hapa! Nilisahau vipi kwamba chumba chenye kufuli, kwenye nyumba ya mtu mwenye vijisenti, hakuna atakayeamini kuwa ni stoo?

Atupele alikuwa na kaka mmoja tu, Lusekelo, dereva wa lori la bluu lenye mstari wa njano, lililoandikwa nyuma MAMA NIOMBEE. Nilimpenda yule shemeji. Alipokaribia kuoa nilianza kumtengenezea lori lake dogo, nimpe siku ya harusi. Kichwa kilikamilika, kinang'aa. Tela ilikuwa bado.

Lusekelo hakufika kwenye harusi yake. Breki zilimkatalia kwenye mteremko wa Senjele, tela ikakatika, kichwa kikaingia korongoni... Alifia pale pale.

Tulikwenda Ileje kuzika. Nilipeleka ng'ombe wa kilio na blanketi la kumfunika marehemu, kama mkwe anavyopaswa. Siku ya kwanza nilipokelewa vizuri. Siku ya pili, nikifika penye watu, maneno yanakatika. Nikisogea motoni, wanaume wanainuka mmoja mmoja. Kisha baba mdogo wa mke wangu akaja na lile blanketi mkononi.

"Mkwe, chukua kitu chako. Mtoto wetu hafunikwi na hili."

Nikadhani nimekosea mila fulani ya Kindali. La! Jailosi, aliyekuja kunifariji, alikuwa na picha kwenye simu yake. Aliipiga kwa siri mle chumbani. Simu ilizunguka msiba mzima mkono kwa mkono, mpaka ikamfikia Atupele. Akaliona lori la kaka yake, rangi ile ile, maneno yale yale... halina tela!

Nilieleza, wasomaji. Niliapa kwa jina la Mungu. Nilisema ni toi, ni zawadi ya harusi. Mama mkwe hasemi nami uso kwa uso, ndiyo heshima yetu, akamtuma mtu: "Mwambieni, toi za watoto hukaa sebuleni."

Nilirudi Tunduma peke yangu, Atupele na Neema wakabaki. Kichwani likaniingia wazo ambalo nalijutia hadi leo. Niliyatoa magari yote uani, mchana kweupe, majirani wote waone, nikayamwagia mafuta ya taa nikayachoma. Yote! Niliyachoma huku nalia. Nilitaka mke wangu asikie kwamba nimemchagua yeye.

Alisikia, ndiyo. Alisikia kwamba nimechoma ushahidi. "Angekuwa msafi angewagawia watoto," ndivyo mji ulivyosema. Wateja wakaanza kuchukua karatasi zao. Jailosi akafungua ofisi ng'ambo ya barabara, na wateja wangu wakahamia kwake. Je, aliamini kweli kwamba mimi ni muuaji, au aliitaka tu meza yangu? Sijui. Nimeliwaza hilo hadi nimechoka kuliwaza.

Matanga yalipokwisha nilimfuata Atupele kwao. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Alinipa kigoda, akaniletea maji, akapiga magoti kama siku zote. Hakunitukana. Ni heri angenitukana!

"Baba Neema," alisema, "mimi sisemi kwamba umemuua kaka yangu. Ila siku ile watu wote walinigeukia mimi mke wako, wakaniuliza mle chumbani mna nini. Ningekutetea kwa neno gani? Sijawahi kuingia."

Nilikaa pale hadi maji yakapata joto mkononi. Kisha nikaaga, nikarudi Tunduma. Mpaka leo hajarudi.

Ndugu msomaji, nakuomba usipite njia yangu. Kama una kitu unachokipenda, hata kiwe cha kitoto namna gani, mwite mwenzako leo hii umwonyeshe. Akicheka, mwache acheke. Mimi niliogopa kuchekwa na mwanamke aliyenipenda, sasa naogopwa na mji mzima.