Tundu la Moshi Nyumbani kwa Loisi

Loisi alikuwa akisonga ugali wa uwele huku machozi yakimtoka. Hakuna aliyemliza, ni moshi tu. Nyumba yao ya tembe ilikuwa imara, ukuta wa udongo na paa la udongo, lakini haikuwa na tundu lolote ila mlango. Mgongoni mwake mwanawe, Sila, alikohoa mpaka akatapika maziwa.

Enzi hizo Wajerumani ndio waliotawala, na amri ilikuwa imetoka bomani: kila nyumba iwe na dirisha. Jumbe wa kijiji alipita akitangaza, "Toboeni kuta! Nikirudi nisikute giza!"

"Dirisha la nini?" alifoka Matonya, mume wa Loisi. "Babu zetu walikuwa nalo?"

Lakini amri ni amri. Akatwaa shoka, akatoboa ukuta wa mashariki tundu la kupita mbuzi. Akakata na nguzo. Lo! Paa likalegea, ikambidi aende porini kutafuta nguzo nyingine, akarudi hoi.

Basi upepo wa kipupwe ukaingia bila hodi, ukausambaza moshi nyumba nzima. Moto ukawa haushibi kuni. Kila kukicha Loisi alikuwa porini na mzigo kichwani, na Sila akazidi kukohoa, kifua kikimbana. Loisi aliogopa sana.

"Naliziba!" alisema Matonya.

"Huzibi, Baba Sila. Mwanangu hafi kwa moshi, wala hafi kwa baridi. Njia ipo, nami nitaitafuta."

Akamwita jirani yake Mwajabu, aliyeolewa hapo kutoka milima ya Kondoa, kwenye baridi kali. Mwajabu akatazama, akacheka.

"Mama Sila, mmeukaribisha upepo wenyewe! Hapa unatoka mashariki. Zibeni hili. Toboeni magharibi, juu karibu na paa, upande yalipo mafiga. Moshi wa moto hupanda, upeni njia huko juu. Hewa safi itaingia chini ya mlango. Tundu liwe dogo, lipite kati ya nguzo. Nguzo ndizo zinazobeba paa, msiziguse."

Loisi alikanda udongo wa kuzibia siku hiyo hiyo. Matonya akashika shoka, safari hii bila kubisha.

Jumbe aliporudi, alikunja uso. "Hili ndilo dirisha? Hata paka hapiti!"

"Shikamoo, Jumbe," alisema Loisi. "Ingia, ukae karibu na moto. Ukikohoa hata mara moja, tutabomoa ukuta wote."

Matonya akashtuka, lakini Jumbe alikwisha kuketi. Vijiti vichache tu vilikuwa mafigani, na ndani kulikuwa na joto. Loisi akasonga ugali, Jumbe akala na mlenda mpaka akashiba. Hakukohoa. Sila alikuwa amelala mapajani mwa baba yake, akipumua taratibu.

Jumbe akanawa, akalitazama tena lile tundu, akasimama.

"Mama Sila," alisema, "kesho njoo kwangu. Uje na shoka."