Mbishi na Korido ya Babu

Kila siku akirudi kutoka shuleni, Mbishi alikuwa na kazi tatu: kufua soksi zake, kumpelekea Bibi maji ya kuoga, na kubishana. Hii ya tatu hakuna aliyemtuma. Alibishana na mama yake kuhusu viatu na jirani kuhusu saa, na hata redio ilipotangaza mvua alisimama dirishani akasema hainyeshi ng'o. Jina lake la shuleni lilikuwa daftarini kwa mwalimu. Nyumbani na mtaani aliitwa Mbishi, na kwa hilo tu hakuleta ubishi.

Ubishi huo aliurithi kwa Bibi, mama mzaa mama yake. Mwaka uliopita Bibi aliteleza uani akavunjika nyonga, na tangu hapo alitembelea kiti cha magurudumu. Nyumba yenyewe ilikuwa ya zamani, na milango ya vyumba vyake ilikuwa myembamba, kiti hakipiti. Kwa hiyo kitanda cha Bibi kilihamishiwa sebuleni, chini ya dirisha, nyuma ya pazia. Kila aliyeingia alimkuta hapo. Siku moja fundi wa umeme alisukuma mlango akamkuta akivalishwa, akageuka kwa haraka hata akajigonga paji la uso.

"Mimi nimekuwa saa ya ukutani?" Bibi alifoka fundi alipoondoka, na machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Kila anayeingia lazima anitazame?"

Ndiyo maana Mama, aliyekuwa mshonaji, aliamua nyumba iongezwe chumba ubavuni: chumba cha Bibi, chenye choo ndani na mlango mpana. Mjomba, kaka yake Mama, alikuwa mwashi, naye ndiye angejenga. Lakini kabla ya tofali la kwanza ilitakiwa ramani, na kabla ya ramani vilitakiwa vipimo vya nyumba nzima. Mchoraji wa ramani, dada mmoja mwenye miwani na penseli sikioni, alikuja akazunguka kila chumba, kisha akasema angerudi kupima baada ya wiki mbili kwa kuwa kazi zilikuwa zimemzidi.

"Wiki mbili zote hizo?" Mbishi akaruka. "Nitapima mimi! Niko darasa la sita, eneo na mzingo tumeshasoma."

Mchoraji alimtazama, akatabasamu, akatoa tepu ya chuma mkobani. "Haya. Ila nisikilize vizuri. Kila chumba pima pande zote nne, halafu pima kutoka kona hadi kona. Nyumba za zamani zinadanganya macho. Pasipopimika weka alama ya kuuliza, nitakuja kupapima mwenyewe. Usiniandikie ulichodhani."

"Sawa, dada."

Jumamosi Mbishi alipima tangu asubuhi. Alipima sebule, akapima jiko na vyumba viwili vya kulala, akatambaa chini ya vitanda, akapiga chafya kwa vumbi, na kila kipimo akakiandika daftarini kwa mwandiko wa kujivunia. Mchana ulipopinda ilibaki korido, ile iliyoanzia sebuleni ikapita kati ya jiko na ukuta wa ubavuni. Alipima upana wake mwanzoni: sentimita mia moja na ishirini. Mwisho wa korido kulikuwa na kabati bovu, magunia mawili ya mkaa, baiskeli isiyo na gurudumu la mbele na viti vya miguu mitatu. Kupima huko ilibidi vyote hivyo vitolewe nje.

Na nje wenzake walikuwa wakimwita. "Mbishi! Timu imepungua mtu mmoja!"

Aliitazama korido. Ilionekana imenyooka. Ukuta gani utaanza mia na ishirini halafu ubadili nia njiani? Akaandika mia na ishirini mwisho wa korido pia, akafunga daftari, akakimbilia mpirani.

Jumatatu mchoraji alipitia daftari akamsifu. Kisha kidole chake kikasimama kwenye korido. "Hapa mwanzo na mwisho ni sawasawa?"

"Sawasawa."

"Ulipima kwa tepu? Maana nimeona kuna mizigo."

"Nimepima!" Mbishi alisema kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. Mjomba akacheka akasema huyo mtoto akishikilia jambo ni bure kumvuta, na mchoraji akaandika. Mbishi alihisi joto masikioni. Angeweza kusema kweli papo hapo, kwa maneno matatu tu, lakini alikuwa hajawahi kurudi nyuma kwenye ubishi, akaona haya kuanza siku ile mbele ya watu.

Ramani ilipotoka, kila mtu aliipenda. Mlango wa chumba cha Bibi ungetobolewa mwisho wa korido, kwenye ukuta wa ubavuni. Bibi angesukumwa hadi mwisho, kiti kigeuzwe, aingie kwake. Mjomba akapanga kuvunja ukuta Jumamosi, na vijana wake wawili wakaambiwa wafike saa mbili asubuhi.

Ijumaa Mama alimtaka Mbishi aondoe mizigo ya koridoni. Akatoa baiskeli, akatoa viti, akaburuta magunia, na kabati akasaidiana na Mama. Bibi hakuweza kungoja. "Nisukume nikaone mlango wangu utakuwa wapi," alisema.

Mbishi akamsukuma. Mwanzo kiti kilikwenda vizuri, lakini kadiri walivyosonga kuta zilizidi kusogeleana. Mwisho wa korido akajaribu kukigeuza kiti kielekee mlango utakapokuwa. Vikanyagio vya miguu vikagonga ukuta wa mbele, na magurudumu yakagonga ukuta wa nyuma. Akarudi nyuma, akaja mbele, akajaribu tena, wala kiti hakikugeuka.

"Mbona nimebanwa?" Bibi aliuliza.

Mbishi alichukua tepu akapima. Sentimita tisini na moja.

"Ukuta wa jiko huo," Bibi alisema. "Babu yako aliuongeza mwenyewe, bila kamba, kwa jicho. Nilimwambia unakwenda upande. Akasema macho yangu ndiyo yako upande." Alicheka, kisha kicheko kikaisha. "Kwa hiyo chumbani kwangu nitakuwa naingia kinyumenyume, kama lori la mchanga?"

Mbishi akasema atamweleza Mjomba mwenyewe, akamvuta kinyumenyume hadi sebuleni. Usiku huo aligeukageuka kitandani. Akaomba moyoni kwamba mchoraji agundue mwenyewe, au tepu iwe mbovu, au Mjomba aumwe na tumbo kidogo, si sana.

Asubuhi Mjomba hakuumwa na chochote. Alifika na nyundo kubwa na vijana wake, akachora mlango kwa chaki, kisha akapima mwisho wa korido, akakunja uso na kumwita Mama.

"Dada, njoo uone! Ramani inasema mia na ishirini. Hapa tisini na moja! Hawa wachoraji wa mezani! Anakaa kwenye kiti anabuni namba. Nampigia sasa hivi, na atatambua amecheza na nani!"

"Na alivyokuwa akijidai na miwani yake," Mama akasema kwa uchungu.

Mjomba alikuwa ameshaishika simu. Mbishi alimkumbuka yule dada akirudia swali lake mara mbili, kwa upole, kama mtu anayemwachia nafasi.

"Hakubuni yeye," akasema. "Ni mimi. Huku mwisho sikupima. Niliandika tu, nikaenda kucheza. Aliponiuliza nikamwambia nimepima."

Mjomba akairudisha simu mfukoni polepole.

"Basi, mtoto ni mtoto," hatimaye alisema. "Tutazungumza baadaye. Vijana wameshafika, tuvunje, tutajua cha kufanya mbele ya safari."

Alinyanyua nyundo. Lakini kati ya nyundo na ile chaki alikuwa amesimama Mbishi, mgongo ukutani, mikono ameitanua.

"Sitoki."

"Toka hapo, nisije nikakuumiza."

"Sitoki, Mjomba! Hiki kiti hakigeuki hapa. Jana nimejaribu. Mkitoboa hapa, Bibi atakuwa na chumba asichoweza kuingia, na itakuwa ni kwa sababu yangu."

"Unatuambia sisi?" Mama akapaza sauti. "Wewe uliyetudanganya?"

"Niadhibu, Mama. Nimekosa, nastahili. Lakini sitoki." Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta, maana mikono ilikuwa na kazi.

Magurudumu yakasikika koridoni. Bibi alijisukuma mwenyewe, akawapita vijana wa Mjomba, akafika mbele ya mjukuu wake, akakaza breki ya kiti.

"Na mimi sitoki," akasema. "Haya, mwanangu, piga nyundo yako tuone utaanza na nani."

Mjomba aliwatazama wote wawili. Kijana wake mmoja akageukia ukutani, mabega yakimcheza kwa kicheko. Mjomba akaiweka nyundo chini na kumpigia mchoraji simu, na safari hii alizungumza kwa adabu.

Mchoraji alifika kabla ya saa sita. Mbishi alimwamkia, akamweleza yote akiwa amesimama wima, bila kupunguza kitu. Mchoraji alisikiliza hadi mwisho, akampa tepu.

"Anza upya," akasema. "Nyumba nzima. Mimi nitashika ncha ya pili."

Walipima hadi jioni, pande nne na kona kwa kona, na siku hiyo timu ilicheza bila Mbishi ikafungwa. Vipimo vya korido vilipokamilika, mchoraji alirudi sebuleni akalitazama dirisha lililokuwa juu ya kitanda cha Bibi, akalipima upana mara mbili.

"Tutoboe hapa," akasema. "Hili dirisha lina upana wa kutosha, na juu yake boriti ya zege ya kubeba ukuta ipo tayari. Tukiondoa tofali za chini tu, tunapata mlango, na chumba kitakaa upande wa pili. Kiti kitaingia moja kwa moja, hakina haja ya kugeuka. Sebule ina dirisha jingine la mbele, haitakosa mwanga. Ila ramani nitaichora upya, na hilo litachukua wiki mbili."

"Nyundo itakuwa na kazi ndogo," Mjomba alikiri. "Kule nyuma ningevunja, halafu ningeanza kuziba." Akamgeukia mchoraji. "Na wewe, dada, nisamehe. Nilikuwa nimeshakutukana kabla simu haijaita."

Mchoraji akacheka, akachomeka penseli sikioni.

Chumba kilikamilika baada ya miezi miwili. Siku ya kwanza Bibi alihamia asubuhi na kufunga mlango. Mbishi alirudi kutoka shuleni, akaja mbio na kuingia moja kwa moja, kama alivyozoea kupita nyuma ya pazia.

"Rudi nje," Bibi akasema. "Gonga kwanza."

Mbishi alitoka, akagonga.

"Subiri."

Akasubiri. Alisikia kabati likifunguliwa, kitana kikiwekwa, Bibi akiimba taratibu. Alisubiri muda mrefu kuliko alivyowahi kusubiri chochote bila kulalamika.

"Ingia sasa."

Bibi alikuwa ameketi dirishani, amejifunga kitambaa kipya kichwani. Akamwita mjukuu wake karibu, akamshika mkono.

"Mjukuu wangu, wewe kuacha ubishi hutaacha, na mimi siombi uache," alisema. "Lakini siku ile ulipomwambia yule dada kwamba umepima, uling'ang'ania uongo, na uongo huo nusura uninyime mlango. Uliposimama mbele ya nyundo, uling'ang'ania ukweli, tena ukweli uliokuaibisha wewe mwenyewe. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajabebeshwa kosa lako. Ukishasema, simama hapo hapo, hata wakubwa wakipiga kelele."

"Ndiyo, Bibi."

"Hubishi?"

"Leo sibishi."

"Vizuri. Sasa toka, ufunge mlango. Nataka kukaa peke yangu."