Rangi Juu ya Damu

Ngatia alikutwa amekufa kifudifudi sebuleni, katika nyumba aliyoinunua lakini hakuwahi kulala ndani yake. Kichwa kilikuwa kimepasuliwa kwa nyundo, na damu ilikuwa imetambaa hadi kwenye mahali pa moto pa mawe. Ilikuwa Jumapili asubuhi, Julai 1979, katika mtaa mpya wa Nyeri.

Kufikia adhuhuri Inspekta Masinde alikuwa ameshamkamata Peterson, kakake Watiri, mjane wa Ngatia, na askari wamemng'oa meno mawili kwa ngumi. Mwezi wa tano, Theuri, kontrakta aliyejenga mtaa huo, alipowaambia wanunuzi wachague nyongeza moja, kabati za jikoni au mahali pa moto, Ngatia alichagua moto, na Peterson alimfokea shemeji yake, "Ati dada yangu apange sufuria chini, wewe ukiota moto? Nitakupasua hiyo kichwa!" Majirani walisikia.

"Atanyongwa, Afande?" Watiri aliuliza, mtoto mgongoni.

"Mama, mdomo wake ndio utamnyonga."

Watiri akaomba kupaona alipoangukia mumewe. Masinde alimpeleka, pamoja na Peterson mwenye pingu. Theuri akawafungulia mlango.

Watiri aligusa ukuta juu ya mahali pa moto. Kiganja kikatoka cheupe.

"Bwana Theuri, si ulimaliza kupaka rangi mwezi uliopita?"

"Ni hii baridi, mama. Ukuta haikauki."

Aligusa ukuta wa pili. Mkavu. Akachuchumaa. "Afande, angalia. Rangi imedondoka juu ya damu. Peterson aliua, halafu akakaa kupaka rangi?"

Masinde akamgeukia Theuri. "Ufunguo wa stoo ya rangi uko na nani?"

"Na mimi, lakini..."

"Kwetu nyumba mpya hailaliwi kabla haijawashwa moto ulioletwa kutoka jikoni kwa mama wa mwenye nyumba," Watiri akasema. "Jana jioni Ngatia alibeba makaa ya mamake kwa mkebe. Yako wapi? Nani amefagia hapa?"

 Masinde alirundika takataka za mbao mahali pa moto, akawasha kiberiti. Moshi ulipanda kidogo, ukarudi wote sebuleni, ukatia weusi ile rangi mbichi. Akachomeka fimbo juu. Ikagonga zege. Chimni iliyoonekana paani ilikuwa pambo tu. "Kumbe rangi ilifunika masizi ya jana," akasema.

"Watu wa mshahara!" Theuri akapasuka. "Nani bado anabeba moto ya mama yake? Nilidhani mtaweka maua tu hapo! Ngatia akasema ataita wanunuzi wote waone, na nyumba zote ziko hivyo!"

Akanyakua nondo ya chuma iliyoegemea ukutani, akamrukia Watiri. Peterson akajitupa katikati, pingu na yote. Mfupa wa bega ukalia. Rungu la Masinde likamvunja Theuri goti, kisha taya, naye akaanguka akigaragara.

Masinde akafungua pingu bila kumtazama Peterson usoni.

"Na meno yangu, Afande? Nitakula nini?"

"Uji," Watiri akasema, akilia na kucheka. Akamshusha mtoto mgongoni, akamweka kwenye mkono wa kaka yake uliobaki mzima. "Mtagawana na huyu."