Rezo Ilipokufa, Nilimtaja Shemeji Yangu

Nina miaka thelathini na tisa. Ninaishi Mushaki na mama yangu, katika nyumba ya mbao iliyo juu kidogo ya barabara, na tunalima maharagwe. Wapita njia wakiniona na jembe hawawezi kujua kwamba zamani nilikuwa fundi wa kompyuta. Kazi hiyo niliiacha mwenyewe... Hakuna aliyenifukuza. Laiti ningefukuzwa mapema!

Wasomaji wenzangu, haya nimeyasema mara moja tu mbele ya watu. Nivumilieni. Na mkinichukia mkishamaliza kusoma, sitawalaumu.

Miaka ile ya vita nilikuwa ninatunza mtandao, ao rezo kama tunavyosema huku, katika senta moja, mji mdogo si mbali na Mweso. Nilikuwa nimesoma miaka miwili Goma. Mwajiri wangu alikuwa Papa Kasereka, mfanyabiashara kutoka Butembo, mkatoliki wa kweli, mwenye magari ya mizigo yaliyopeleka chumvi na sabuni upande wa Walikale na kurudi na mafuta ya mawese.

Simu zilikuwa hazishiki kule. Kwa hiyo Papa Kasereka aliweka dishi la intaneti juu ya biro, yaani ofisi yake, na karani wake wa upande wa Walikale akawa na la kwake. Kila asubuhi karani yule aliandika: njia ni nzuri. Ao: musitoke, kuna masasi, yaani risasi. Dereva hakuwasha gari kabla ya kusikia habari hiyo. Mnaelewa uzito wake? Maneno mawili yaliweza kumrudisha mtu kwa watoto wake!

Intaneti iliingia biro, mahali nilipokaa mimi, katika swichi, yaani kisanduku chenye matundu ya kuchomeka nyaya. Kutoka hapo waya mmoja ulivuka uwanja hadi swichi ya pili iliyokuwa depo, yaani ghala la mizigo, juu ya rafu. Mbele ya rafu hiyo kulikuwa na meza ya Innocent. Yeye ndiye aliyepokea ujumbe wa karani na kuwasomea madereva.

Innocent alikuwa mume wa mdogo wangu Riziki. Alitoka upande wa Burungu, lugha ya mama yake ilikuwa Kinyarwanda, na sisi ni Wahunde. Siku alipokuja kuposa, baba zangu wadogo walinuna. Nani aliyesimama na kumtetea? Mimi! Niliwaambia ni mtu wa kazi, mpole, hanywi, na dada yangu anampenda. Wakakubali. Kisha nikamuombea kazi kwa Papa Kasereka. Aliniita shemeji kwa heshima, na kila mara mke wake alipopika sombe, majani ya muhogo, sahani yangu ililetwa biro imefunikwa.

Basi, mwaka fulani, mvua kubwa zilipokwisha, rezo ilianza kunitesa.

Ilikuwa inakufa na kurudi. Inakufa asubuhi, inarudi baada ya dakika ishirini. Inakufa tena saa sita. Nilibadilisha waya unaovuka uwanja. Nikabadilisha swichi ya biro. Nikapanda juu ya bati kuangalia dishi. Bure! Innocent alikuwa anakuja kuniita, "Shemeji, rezo imekufa," na kabla hatujafika depo ilikuwa imerudi. Nikikagua pale, kila taa iko sawa. Nikirudi biro, inakufa tena. Mtu hawezi kuwa mwendawazimu kwa jambo kama hilo?

Papa Kasereka alianza kuniangalia vibaya. Madereva walinicheka, wakasema huyu mwanamke alisoma nini Goma. Nilikuwa na kiburi, nakiri. Iliniuma sana.

Kisha Innocent akashikwa na malaria, akalala nyumbani siku tatu. Siku tatu hizo ujumbe niliupokea mimi, nikiwa biro, na rezo haikufa hata mara moja! Aliporudi kazini, ilikufa kabla ya saa mbili.

Hapo ndipo shetani alipoingia katika moyo wangu... Nikaanza kuhesabu. Innocent akikaa, rezo inakufa. Akiinuka kuja kuniita, inarudi. Sikumwambia kitu. Sikumuuliza hata swali moja. Nilikuwa namjibu kwa mkato tu, na sahani ya sombe nilianza kuirudisha haijaguswa. Riziki aliniuliza kama ninaumwa. Nikasema ni tumbo.

Asubuhi moja rezo ilikufa saa moja na haikurudi haraka; safari hiyo Innocent hakuja kuniita, alikaa mezani akiingoja. Dereva wetu, Papa Muhindo, mzee wa watoto sita, alingoja ujumbe, akachoka. Akasema jana njia ilikuwa nzuri, leo itakuwa nzuri vilevile. Akaondoka. Rezo iliporudi karibu saa tatu, ujumbe ulikuwa pale umekaa unatungoja: musitoke, wanapigana barabarani.

Mchana watu wa pikipiki walileta habari. Gari lilikuwa limechomwa. Papa Muhindo alikuwa amekufa akiwa ameshika usukani.

Senta nzima ililia. Mjane wake aligaagaa mbele ya depo mpaka kitambaa chake kikafunguka kichwani. Jioni ile ile, jua bado liko juu ya mlima, vijana wenye silaha waliokuwa wanashika senta yetu wakaja biro. Mkubwa wao alikuwa mtu wa sauti ya chini.

"Mama wa rezo," akaniambia, "batu banasema rezo ilikatwa. Nani njo anakataka?" Yaani, nani ndiye anayeikata.

Ningesema sijui! Ni maneno mepesi, sivyo? Sijui... Lakini madereva walikuwa wamesimama mlangoni wakinitazama, na niliogopa wataniona mimi ndiye nimemuua mzee wao kwa kutojua kazi.

Nikasema, "Mimi sijui muntu. Lakini kila mara Innocent anaikala pale, rezo inakufa. Akitoka, inarudia."

Basi. Sikusema neno lingine. Yule mkubwa aliuliza tu Innocent ni mtu wa wapi, na mtu mmoja mlangoni akajibu kabla yangu. Burungu. Nikaona nyuso zikibadilika, maana siku zile watu wa huko walihesabiwa kuwa upande wa adui.

Walimchukua hapo hapo mezani kwake depo, mkono mmoja bado umeshika kalamu. Alipopita mbele yangu alisema, "Shemeji, baelezeye." Alidhani nitawaeleza kwamba hana kosa. Niliangalia chini.

Walimfungia katika darasa la shule ya msingi, juu ya kilima. Riziki alikuwa anampelekea chakula. Yeye hakujua ni nani aliyemtaja mume wake. Alikuwa anakuja kulia kwangu. Kwangu! Siku ya tatu, Jumatano, alikuja akiwa amebeba sufuria tupu, mtoto wao Neema mgongoni.

"Dada," akasema, "Innocent anasema usichoke. Anasema utoe nyaya zote za depo, uzirudishe moja-moja. Anawaza hata kule kama rezo iko inakusumbua."

Mtu amefungwa, anafikiria kazi yangu!

Nilikwenda depo. Nilifunga mlango, nikakaa kwenye kiti chake kwa mara ya kwanza tangu kiwekwe pale. Nikaegemea ili nifikirie. Kiti kikagusa rafu... na taa zote za swichi zikaanza kuwaka na kuzima kwa kasi, pamoja, kama zimeshikwa na homa. Rezo ikafa.

Nikajiinua. Taa zikatulia. Nikaegemea tena. Ikafa.

Nikapiga magoti, nikaangalia nyuma ya rafu. Kulikuwa na waya wa pili, wa kijivu, umejaa vumbi, nao pia unatoka swichi ya depo hadi swichi ya biro. Mkiunganisha swichi mbili za aina ile ya zamani kwa nyaya mbili, ujumbe unazunguka kati yake bila kutoka, mpaka kila kitu kinasimama. Fundi yeyote anajua. Na kichwa cha waya ule kilikuwa kimelegea, hakishiki. Kilishika tu rafu ikisukumwa. Innocent alikuwa mtu mrefu, mnene, akikaa anaegemea.

Nani aliyeweka waya ule? Mimi. Baada ya mvua kubwa niliogopa wa kwanza utaoza, nikavuta wa pili wa akiba. Taa yake haikuwaka, nikadhani umekufa, nikauacha umechomekwa, nikasahau! Hata nilipobadilisha swichi ya biro, niliurudisha pamoja na nyaya nyingine bila kuufikiria. Nilibadilisha kila kitu isipokuwa kitu nilichokifanya vibaya mwenyewe.

Niliuchomoa. Nilikaa chini sakafuni nikiwa nimeushika.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu dhambi yangu kubwa iko hapa. Kumtaja Innocent kulikuwa kosa la mtu asiyejua. Lakini sasa nilijua!

Mchana ule Papa Kasereka aliingia. Alikuwa amevaa koti lake la misa. Alitaka kupanda kilimani kumuombea Innocent aachiwe, lakini alitaka kwanza kusikia kutoka kwangu.

"Mama Mapendo," akaniita kwa jina langu, "uko na hakika na ile ulisema? Njo muntu ya kukata rezo? Kama hauna hakika, uniambie sasa. Batanisikiya."

Waya ulikuwa ndani ya mfuko wangu. Akilini nilimwona Papa Muhindo akiwa ameshika usukani. Nikawaza: nikisema, watanichukua mimi badala yake.

Nikajibu, "Rezo iko muzuri sasa, Papa. Tangu alitoka, haiyakufa tena."

Akavua koti. Hakupanda kilimani.

Alhamisi nilikaa kimya. Ijumaa nilikaa kimya. Sikula, sikulala. Jumamosi asubuhi nilishindwa kabisa, nikachukua ule waya nikapanda kilimani mbio, nikiwa tayari kufa. Darasa lilikuwa wazi. Kulikuwa na majani chini na sufuria ya Riziki. Mlinzi wa shule aliniambia wameondoka wote alfajiri kuelekea upande wa Walikale, na yule mtu wa Burungu wametoka naye amefungwa mikono.

Hakuonekana tena. Mpaka leo... Hakuna kaburi, hakuna habari.

Wiki hiyo vita vikafika kwetu. Tulikimbia kwa miguu kupitia Kitshanga, mimi, Riziki na mtoto, mpaka kambi ya wakimbizi wa ndani karibu na Sake. Hapo, tukiwa tunashona hema kwa kamba za migomba, nilimwambia yote. Hakupiga kelele.

"Ulijua siku gani?" akauliza.

"Siku ya tatu."

"Siku nilikuletea neno lake?"

"Njo ile siku."

Alihesabu kwa vidole kutoka Jumatano hadi Jumamosi. Akamfunga Neema mgongoni, akachukua beseni lake, akaenda kulala kwa watu asiowajua. Ni miaka mingi sasa. Hatujala pamoja tena.

Baadaye nilipata nguvu ya kwenda kwa Papa Kasereka na kwa mjane wa Papa Muhindo. Kisha niliomba ruhusa, nikasimama kanisani mbele ya watu wa senta yetu waliokimbilia huku, nikasema Innocent hakukata kitu, ni mimi. Wengine walitoka nje. Mjane alilia upya. Papa Kasereka aliniambia tu, "Mimi nilikuuliza, Mama." Riziki alituma mtu kuniambia ameshukuru kwa jina la mume wake kusafishwa, lakini nisikanyage mlango wake.

Ninyi mafundi wenzangu, kitu kikiharibika, angalieni kwanza kazi ya mikono yenu kabla ya kuangalia uso wa mtu. Hasa wakati wa vita, kwa sababu wakati huo jina la mtu likitoka kinywani halirudi. Na ninyi nyote, msomaji yeyote ambaye leo anajua ukweli unaoweza kumfungua mtu, nakusihi usijiambie utasema kesho ukipata nguvu. Nguvu haiji! Enda hivi hivi, ukiwa unaogopa, ukiwa unalia, hata kama watakufunga wewe. Mimi niliokoka, na kila siku natamani Jumatano ile wangenifunga.