Nyevu Alisoma kwa Sauti

Kila alasiri wanawake wa mtaa mmoja karibu na Marereni walikutana bombani. Maji yalitoka kidogo kidogo, kwa hiyo foleni ilikuwa ndefu na mazungumzo yalikuwa mengi.

Nyevu aliheshimiwa sana hapo. Alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la ngumbaru la Mwalimu Jedida. Mwenye ujumbe kwenye simu alimpa yeye. Nyevu alisimama wima akasoma kwa sauti, hadi wa mwisho kwenye foleni akasikia.

"Mwenzetu huyu ni redio," walimsifu. Hata Karisa mumewe, aliyefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, aliwaambia wenzake, "Nyumbani kwangu kuna msomi."

Siku moja jirani yake Viola alimletea simu. "Mamake Tevin, hebu nisomee. Naona picha ya mtoto analia."

Nyevu alisoma: "Tahadhari! Jana watoto wawili wameibwa hapa kwetu. Mwizi ana pikipiki nyekundu, anajifanya muuza vyombo. Polisi wamethibitisha. Mkimwona msimwachie. Watumie wote unaowapenda."

Wanawake walishika vifua. Viola aliutuma ujumbe kwa Nyevu na kwa ndugu zake wote.

Kesho yake pikipiki nyekundu iliingia mtaani. Nyuma ilifungwa mabeseni na ndoo za rangi nyingi. Mwenyewe aliitwa Musyoka. Hakuwa amewahi kufanya biashara mtaa ule. Alisimama, akaita wateja. Watoto walimzunguka. Mara akamshika mkono mtoto wa Viola na kumvuta.

"Mwizi wa watoto!" Viola alipiga kelele. "Ndiye huyu!"

Vijana walikuja mbio na fimbo. Mmoja akauliza, "Mna hakika?"

"Imeandikwa!" alisema Viola. "Nyevu, wasomee!"

Nyevu aliichukua simu. Sauti yake ilikuwa ileile. Aliusoma ujumbe wote. Alipofika "msimwachie", fimbo ya kwanza ilishuka.

"Mimi nauza mabeseni tu, jamani!" Musyoka alilia. Hakuna aliyemsikiliza.

Chifu alifika na polisi wawili, wakamwokoa. Mkono wake mmoja ulikuwa umevunjika. Mabeseni yalikuwa vipande vipande. Vijana walikimbia.

"Mtoto wa nani ameibwa?" chifu aliuliza.

Watu walitazamana. 

"Nimeuliza, mtoto wa nani? Mimi sina habari ya mtoto aliyepotea. Polisi hawana habari. Nani aliwaambia?"

Macho yote yalimgeukia Nyevu.

"Imeandikwa," alisema kwa sauti ndogo. Ilikuwa mara ya kwanza watu wa nyuma hawakumsikia.

Tangu siku ile Nyevu hakwenda bombani mchana. Alikwenda alfajiri, peke yake, akajifunika leso hadi usoni. Darasani hakuonekana. 

"Wewe hukumpiga," Karisa alimwambia.

"Nilisoma, babake Tevin. Wale walinisikiliza mimi."



Jioni moja Mwalimu Jedida alipiga hodi. Nyevu alimkaribisha bila kumtazama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umetukimbia?"

"Kusoma kumeniponza. Afadhali ningebaki bila kujua."

"La. Umefika nusu ya njia, ndiyo maana umepotea. Leta ule ujumbe."

Nyevu aliufungua ujumbe kwenye simu yake, akageuza uso.

"Mgeni akipiga hodi mlangoni kwako, unafanyaje?" Jedida aliuliza.

"Nauliza ni nani, ametoka wapi, anataka nini."

"Basi maandishi nayo ni mgeni. Huyu uliyemfungulia ni nani? Jina lake liko wapi?"

Nyevu alitafuta. "Halipo."

"Anasema jana. Jana ya lini?"

"Hakuna tarehe."

"Anasema hapa kwetu. Mtu wa Kikambala akisoma, hapa kwetu ni wapi?"

"Ni Kikambala," alisema Nyevu polepole. "Na wa Sabaki atadhani ni Sabaki. Kila mtu atadhani ni kwake."

"Polisi gani wamethibitisha? Wa kituo gani? Hasemi. Na anataka nini?"

Nyevu aliusoma tena, safari hii kimya. "Anataka tuogope. Anataka tutume upesi, kabla hatujauliza."

"Ndivyo. Ukiona maandishi yanakuharakisha, simama. Uliza mwenye kujua: chifu, shule, zahanati. Kuandikwa hakufanyi maneno kuwa kweli. Hata mwongo anajua kuandika."

Nyevu alilia. "Yote haya yalikuwa mbele ya macho yangu, Mwalimu."

"Yalikuwepo. Sasa umeyaona."

Asubuhi Nyevu alimwendea Musyoka katika chumba alichopanga. Alimkuta amekaa kitandani, mkono ukiwa ndani ya plasta.

"Mimi ndiye niliyesoma," alisema. 

"Nakujua," alijibu Musyoka. "Nilikuwa chini, nikakusikia. Ulisoma vizuri sana, mama. Ningekuwa miongoni mwao, hata mimi ningeamini."

Nyevu alitamani ardhi immeze.

"Yule mtoto alitaka kugusa ekzosi, lile bomba la moshi la pikipiki," Musyoka aliendelea. "Ilikuwa ya moto. Nilimvuta asiungue."

"Nisamehe, ndugu yangu."

Musyoka aliinua mkono wenye plasta. "Samahani yako haiungi mfupa. Ukitaka kunisaidia, rudi kwa wale uliowasomea. Waambie kwa sauti ileile."

Alasiri hiyo Nyevu alikwenda bombani. Foleni nzima ilimgeukia. Aliishusha leso usoni, akasimama wima.

"Ule ujumbe ulikuwa wa uongo," alisema. "Sikuuliza umetoka wapi. Nimevunjisha mkono wa mtu asiye na kosa. Viola, alimvuta mwanao asiungue na ekzosi."

Viola aliketi juu ya mtungi wake, akaficha uso. Hakuna aliyecheka wala kumlaumu Nyevu. Kila mmoja alikumbuka jinsi alivyouamini ujumbe ule. Nyevu alikaa nao hadi jua likapoa, akawaonyesha maswali aliyofundishwa na Mwalimu. Kesho yake yeye na Viola walikwenda pamoja kwa Musyoka.

Miezi ikapita. Ujumbe mwingine ukafika kwenye simu za watu: dawa ya minyoo inayotolewa shuleni inaua watoto, waondoeni leo hii. Mama mmoja alijifunga kanga vizuri, tayari kukimbilia shuleni.

"Ngoja!" Viola alimzuia. "Nani ameandika?"

"Sijui."

"Shule gani?" mwingine akauliza. "Mtoto gani amekufa? Lini?"

Nyevu alipitia ujumbe mstari kwa mstari. "Hapa hakuna jina, wala mahali, wala tarehe. Tumpigie Fridah wa zahanati."

Muuguzi Fridah aliwaeleza dawa hiyo ni ipi, na kwamba hakuna mtoto aliyefariki kwa kuimeza. Akawataka wampe chai mtoto kabla hajaenda shule, kwa sababu akiimeza na njaa tumbo huweza kumsokota kidogo.

Siku ya dawa Nyevu alimpikia Tevin chai na mihogo, akampeleka mwenyewe. Alipofika, uwanja ulikuwa umejaa watoto wa mtaa wao. Hakukosekana hata mmoja.