Fundo kwa Kila Ushanga

"Pini, geuka. Hiyo ni amri."

Sauti ilitoka ndani ya hereni, sikio la kushoto. Pini hakugeuka. Alikaza mkono, Yamaha ikanguruma, akapenya kati ya lori la saruji na basi la wafanyakazi.

Casio mkononi ilionyesha saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Ndege ya Mhariri, mtu aliyekuwa akimkimbilia, ilikuwa inaruka saa tano kasoro kumi.

"Nakuuliza, unanisikia?"

"Nakusikia, Mkuu. Sikutii tu."

Haya, tusiende kwa pupa. Kwa siku sita Idara ya Usalama, mwajiri wake Pini, ilikuwa ikisaka michoro ya milango ya bwawa kubwa la umeme. Wezi walikuwa wameinakili kwenye kadi ndogo, kila kadi kama punje ya mchele. Mwenye kadi zote angeweza kuizima nusu ya nchi, na vijiji vyote vya bondeni vikaenda na maji.

Juzi ikaingia simu isiyo na jina. Tafuteni karakana ya fundi wa vidani, ilisema. Maofisa wakaenda, wakafungua droo, wakakuta ushanga mmoja wenye tundu. Ndani yake mlikuwa na kadi. Moja.

Mkuu akasema kesi imekwisha. Fundi angepandishwa kizimbani leo saa sita, kwa uhaini.

Fundi mwenyewe ni shangazi yake Pini. Ndiye aliyemlea tangu ana miaka minne. Hata hiyo hereni Mkuu aliyokuwa akiipigia kelele, mkono wa Shangazi ndio ulioitengeneza, wala hakuuliza ya nini. Na walimtoa kwake kwa mlango wa nyuma, wamemfunika koti kichwani kama mwizi wa kuku. Pini alilikumbuka koti lile, akazidi kukaza mkono.

Asubuhi alikuwa amekwenda kuomba kumwona. Wakamkatalia. Wakamweka kwenye benchi la mapokezi, mbele ya meza yenye magazeti, na juu kabisa toleo jipya la Kipuli, jarida la mapambo na sanaa ya kuvaliwa.

Kwenye jalada palikuwa na kidani cha Shangazi. Shanga thelathini za bluu, nene kama zabibu.

Mhariri wa Kipuli ndiye aliyekiagiza, akakionyeshe ng'ambo. Jana, baada ya Shangazi kukamatwa, alikileta Idara kwa miguu yake. "Kikagueni, nisije nikatiliwa shaka," alisema. Wakakipiga eksirei ushanga kwa ushanga. Kilikuwa safi. Wakampa cheti chenye muhuri: kazi ya sanaa, imekaguliwa, isifunguliwe tena.

Pini alivua pete yake yenye lenzi ya sonara, akaishusha juu ya jalada.

Shanga zilikuwa zimegusana, shavu kwa shavu.

Akatafuta mafundo. Hakuna hata moja.

Shangazi hupiga fundo baada ya kila ushanga. Kila ushanga! Vidole vinamuuma, macho yanamtoka machozi, na bado anapiga. "Uzi ukikatika," husema, "mteja apoteze ushanga mmoja, asipoteze kidani."

Basi vidani vilikuwa viwili. Kilicho safi, cha Shangazi chenye mafundo, kilikwenda Idara. Kile kingine, cha kuiga na cha kubebea kadi, kilipelekwa kwa mpiga picha, kwa sababu mafundo huonekana kwenye kamera na Mhariri hapendi kitu kinachopunguza mng'aro. Simu ile na ule ushanga wa drooni vilikuwa mtego wake pia. Alikuwa mwerevu kuliko Idara nzima, ila ubishoo ukamponza.

Alimweleza Mkuu. Mkuu akacheka.

"Mafundo? Unataka nifungue kesi upya kwa mafundo?"

Ndipo Pini akachukua jarida, akashuka ngazi, akawasha pikipiki.

Uwanja wa ndege. Saa nne na dakika thelathini na moja.

Mhariri alikuwa ameshafika kwenye meza ya ukaguzi. Suti nyeupe, viatu vya ngozi ya nyoka, kidani kifuani mchana kweupe. Abiria walikuwa wakimpiga picha, naye anawageuzia upande wake mzuri.

"Ukimgusa bila kibali," hereni ilisema, "nafuta kitambulisho chako."

"Futa."

Alipita kamba.

"We dada, foleni!" alifoka afande wa ukaguzi, mama wa makamo mwenye miwani shingoni.

"Samahani, afande. Swali moja tu kwa mzee huyu." Akamgeukia Mhariri. "Hicho ni kidani cha yule fundi mhaini?"

Mhariri alitabasamu. "Binti, mtu anaweza kuwa mhaini na bado akawa na mikono ya dhahabu. Ndicho. Kazi yake mwenyewe. Cheti hiki hapa."

"Afande, umesikia?"

"Nimesikia, na cheti nimekisoma. Sasa ondoka."

Pini alichomoa pini ya nywele. Ncha yake ilikuwa wembe.

Chap!

Uzi ukakatika. Shanga zote thelathini zikamwagika sakafuni, zikabiringika chini ya meza, chini ya masanduku, hadi miguuni mwa abiria.

Mtu aliyeharibiwa sanaa angepiga kelele. Mhariri hakupiga. Alibonyeza pete yake, sindano ikachomoza, akamrukia Pini shingoni.

Pini alikuwa ameshika Kipuli, amelikunja kama mwiko. Akalikinga. Sindano ikazama kwenye jalada, ikanasa humo. Akamkamata kifundo cha mkono, akakizungusha, akamlaza kifudifudi juu ya mkanda wa mizigo.

"Tulia hapo, bishoo."

Afande alikuja mbio, akakanyaga ushanga. Ukapasuka. Akainama, akavaa miwani.

"Mama yangu! Kuna kidude humu ndani!"

"Vitakuwa ishirini na tisa vingine. Fungua na mkoba wake."

Mkobani, ndani ya soksi, kulikuwa na kidani cha pili. Pini alikishika kwa mikono miwili. Aliomba radhi kimoyomoyo, kisha akakata uzi.

Ta.

Ulianguka ushanga mmoja. Ishirini na tisa zilibaki zimeshikilia uzi, kila mmoja na fundo lake.

"Hii ndiyo kazi yake," alisema. "Mikono ile haijawahi kufanya kazi ya kuficha."

Mkuu alikuwa amesikia yote.

"Pini," alisema. "Kazi nzuri. Nitampigia askari wa zamu, atamwachia shangazi yako kimya kimya. Pale nyuma kuna mlango—"

"Mkuu."

"Naam?"

"Mlimtoa kwake kwa mlango wa nyuma, mmemfunika kichwa. Leo atatoka kwa mlango wa mbele, kichwa wazi, na wewe ndiye utakayemfungulia."

"Unaniamuru mimi?"

"Shanga nimeshazimwaga mbele ya kamera za abiria sitini. Chagua picha yako."

Mkuu alivuta pumzi. "Saa ngapi?"

"Sasa hivi. Mrudishie na miwani yake ya kazi, ana ushanga mmoja wa kurudisha uzini."

Akazima hereni. Akauokota ushanga wa Shangazi, akautia mfukoni, akaichomeka pini nyweleni, na kutoka nje kwenye jua bila kuangalia nyuma.