Gari Lililokula Ng'ombe wa Drusilla

Ninyi mnaoishi kwenye vilima hivi vyetu, hebu niwape habari za nyumba moja kule Magwagwa. Msiisikilize kama habari ya watu wa mbali, maana kosa lililofanyika pale hata mimi ningeweza kulifanya, na wewe pia.

Mwaka wa 1968 nyumba ya Makori ilikuwa nyumba ya amani. Asubuhi moshi ulipanda juu ya migomba, mkewe Bitutu akashuka shambani na kikapu cha chai mgongoni, na Ombati, mdogo wake Makori, akakama zizini huku akipiga mluzi. Makori mwenyewe alikuwa karani wa mahakama huko Nyamira. Alikwenda kazini kwa baiskeli nyeusi, suruali ameibana kwa vibanio isishikwe na mnyororo, na siku zote alifika kabla ya hakimu. Baba yao alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo Makori, aliye mkubwa, ndiye aliyeshika boma.

Zizini mlikuwa na ng'ombe sita. Hao walikuwa ng'ombe wa Drusilla, dada yao aliyeolewa upande wa Keroka. Mgusii hahitaji kuelezwa, lakini kama kuna mgeni kati yetu na asikie: kwetu ng'ombe wa mahari ya binti hawauzwi ili mtu anunue mabati, wala hawachinjwi kwa ajili ya sikukuu. Hukaa wakimngojea ndugu yake aliyepangiwa, ili naye awatoe apate mke. Drusilla na Ombati walipangiwa hivyo tangu utotoni. Makori alikuwa amekwisha kuoa kwa ng'ombe wa dada mwingine, na hao sita hakuwa na haki nao. Kazi yake ilikuwa kuwatunza tu.

Amani hiyo iliharibiwa na kitu kidogo cha rangi ya samawati. Mkulima mmoja Mzungu wa Sotik, akijiandaa kurudi kwao, alikuwa anauza gari lake. Makori akaenda kulitazama, akaketi nyuma ya usukani, akanusa ngozi ya viti, akapotea. Mzungu yule hakumficha neno. Alimwambia gari ni kuukuu, kwamba linataka oili itazamwe kila wiki, litiwe grisi kila mwezi, na breki na klachi zikaguliwe kabla ya mvua. Alimwambia kama hataweza kulitunza, basi aliache. Makori aliitikia ndiyo, ndiyo, na hakusikia hata nusu yake.

Akiba yake haikutosha. Akauza ng'ombe mmoja.

"Nitamrudisha kabla ya Krismasi," alimwambia Ombati.

"Wewe ndiwe baba yangu sasa," Ombati akamjibu. "Ukisema utamrudisha, utamrudisha."

Kisha Ombati akaenda Kericho kuchuma chai kwenye mashamba makubwa, apate pesa za mabati ya nyumba yake. Maneno yale ya mdogo wake yalimfurahisha sana Makori siku ile. Baadaye yalikuja kumkosesha usingizi.

Makori alilipenda gari lake, hilo siwezi kumnyima. Kila jioni alilipangusa kwa kitambaa. Siku ya Sabato aliliegesha mbele ya dirisha la kanisa, mahali ambapo wanakwaya wangeliona hata wakiwa wamefumba macho. Akalinunulia vitambaa vya viti na honi ya sauti mbili. Lakini boneti hakuifungua. Kile kijiti cha kupimia oili alikijua kwa jina tu, kama tunavyomjua mjomba aliyehamia nchi nyingine.

Gari nalo likaanza kudai chakula. Giaboksi ilipogoma, ng'ombe wa pili akatoka zizini. Magurudumu yalipoliwa na mawe ya barabara, na bima ikaisha mwezi uo huo, akatoka wa tatu. Mshahara ulikuwa unaishia kwenye petroli, maana tangu gari lije kila mtu kijijini alikuwa na safari, na Makori hakujua kukataa kuonekana tajiri. Mwaka wa pili injini ikagonga njiani, ikafa. Fundi wake alikuwa Ouma, mtu wa kando ya ziwa aliyekuwa na gereji ndogo Nyamira. Ouma alichomoa kijiti cha oili, akakitazama, kisha akamwonyesha. Kilikuwa kikavu.

"Karani, ukienda nyumbani unapatia ng'ombe maji?" Ouma aliuliza.

"Napatia, ndiyo."

"Ukisahau, anafanya nini?"

"Atalia mpaka majirani waje."

"Sasa hii gari haiwezi kulia. Inanyamaza tu, inakungojea siku uko na watu."

Makori alicheka. Injini ile ilikula ng'ombe wawili kwa pamoja. Wa sita alikwenda bila kelele, sehemu kwa betri na breki, sehemu kwa koti jipya, kwa sababu mwenye gari hawezi kuvaa koti la mwenye baiskeli.

Bitutu aliona zizi likipungua. Jioni moja, akitwanga wimbi, alimwuliza mumewe, "Baba watoto, Ombati akirudi utamwambia nini?"

"Nitamwambia mimi. Wewe twanga."

Akamwambia uongo. Ombati aliporudi likizo na kukuta zizi tupu, Makori alisema amewapeleka ng'ombe Borabu kwa rafiki yake Manasseh, kwa kuwa kule kuna malisho mapana. Uongo huo ulikuwa mzuri sana, maana ndivyo wazee wetu walivyofanya siku zote, kuwaweka ng'ombe kwa rafiki. Ombati hakuwa na sababu ya kutilia shaka. Alishukuru hata, akasema kaka yake anafikiria mbali. Makori akainama kufunga kamba za viatu vyake, na kamba zilikuwa zimefungwa tayari.

Mwaka wa 1971 Ombati alipata mchumba, Nyanchera, binti wa Mzee Obwocha wa Nyakoe. Walikuwa wakipendana wazi, hata asiyewajua angeona. Siku moja Ombati akaja na furaha usoni.

"Kaka, Mzee Obwocha anakuja Jumapili na wazee wawili kutazama ng'ombe. Tuwatoe Borabu mapema, wapumzike."

Hapa ningependa kusimama kidogo, ndugu zangu. Mlango ulikuwa bado wazi. Mtu akisema, "Ombati, nimekukosea, ng'ombe hawapo," atatukanwa, atasikia uchungu, lakini harusi inaweza kusogezwa mbele. Makori alifungua kinywa kusema hivyo. Akaona jinsi mdogo wake anavyomtazama, akaona haya, akafunga kinywa. Badala yake alikwenda ng'ambo ya bonde kwa jirani yake Nyamweya, akaomba kuazimwa ng'ombe sita kwa siku moja.

"Mmoja ana ndama mchanga," Nyamweya alisema.

"Ni saa chache tu. Ndama abaki hapa."

"Karani, ng'ombe si kiti."

Lakini Nyamweya alikuwa amebebwa mara nyingi kwenye gari lile, na mtu aliyebebwa huona vigumu kukataa. Alikubali. Ombati akaambiwa rafiki wa Borabu amewaleta alfajiri. Hakuwa amewaona ng'ombe wa dada yake kwa karibu miaka mitatu, na mtu mwenye furaha haangalii pembe.

Ijumaa ile Ouma alikuwa amemwonya kwamba klachi imekwisha na gari lisipandishe kilima likiwa na watu. Makori alikuwa na pesa kidogo, zikafika tu kwa polishi na rangi ya kupaka magurudumu. Jumapili akashuka Nyakoe kuwachukua wageni, gari liking'aa. Mzee Obwocha aliketi mbele, kofia magotini, wazee wenzake wawili nyuma. Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye mlima wa mwisho kabla ya Magwagwa injini ikanguruma kwa nguvu zote, lakini magurudumu hayakuitika. Harufu ya kitu kinachoungua ikajaa, na gari likaanza kurudi nyuma pole pole.

"Wazee," Makori akasema, "labda mkishuka kidogo."

Walishuka. Likakataa bado. Basi wakwe watarajiwa, watu ambao kwetu huwezi hata kula mbele yao ovyo, kwa ile heshima tunayoiita ensoni, wakakunja mikono ya makoti na kusukuma. Makori aliona kwenye kioo matope yakiruka kumpata Mzee Obwocha kifuani. Alitamani kushuka asukume yeye, lakini ni nani angeshika usukani? Hiyo ndiyo siku aliyolichukia gari lile kwa mara ya kwanza.

Mzee Obwocha alijifuta. Bomani alipewa maji na chai, kisha akaenda zizini, akawapapasa ng'ombe mgongoni, akatazama meno, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Makori akaanza kupumua.

Drusilla alikuwa amekuja kupika. Alipita karibu na zizi na mtungi wa maji kichwani, akasimama. Aliwajua ng'ombe wale tangu siku walipoingizwa kwa ajili yake. Alimsogelea Makori.

"Yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika yuko wapi?" alinong'ona. "Hawa ni wa nani?"

"Dada, nakuomba. Nyamaza leo tu."

Drusilla akashika mtungi vizuri, akaingia jikoni.

Wazee walikuwa wanaanza kula. Ng'ambo ya bonde ndama wa Nyamweya akalia. Mara moja, mara ya pili. Mama yake akaitikia kutoka zizini, maziwa yakimdondoka, akaweka kifua kwenye miti ya lango na kuisukuma mpaka ikaanguka. Akatoka. Wenzake watano wakamfuata kwa mstari, hawana haraka, wakapita mbele ya wageni na kushika kijia cha kwenda kwa Nyamweya. Ombati aliruka kuwazuia, akakimbia mpaka katikati ya mteremko, kisha akasimama. Hakuna ng'ombe aliyepotea njia. Ombati akageuka, akamtazama kaka yake huko juu, na Makori hakuweza kuyahimili macho yale.

"Karani," Mzee Obwocha akasema taratibu, "hawa wanakwenda kwao. Wenu wako wapi?"

Drusilla, aliyekuwa amesimama mlangoni pa jikoni, ndiye aliyenyoosha mkono kuelekea gari.

"Wote wako pale, tata," akamwambia, kama tunavyomwita baba.

Mzee alivaa kofia yake. Makori akasema atawarudisha kwa gari, akajua upumbavu wa maneno yale kabla hayajaisha kumtoka. Wazee waliaga, wakatembea.

Jioni Ombati alifunga nguo zake. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Ungeniambia, ningengojea," alisema. "Nyanchera pia angengojea. Lakini baba yake hatampa binti kwa nyumba ya watu wanaodanganya."

Akarudi Kericho. Kabla ya mwaka kwisha Nyanchera aliolewa na mtu mwingine, kwa ng'ombe walioonekana.

Makori alilipeleka gari kwa Ouma liuzwe. Mnunuzi alipatikana, naye alikuwa na pikapu yake kijani, nzima kuliko gari lile, akawa tayari kubadilishana kwa nyongeza kidogo. Makori aliizunguka pikapu mara mbili. Alishika kitasa. Akajiambia hii ingebeba chai na ndizi, ingejilipia yenyewe, na safari hii angeitunza. Kweli, hata baada ya yote yale alijiambia hivyo.

"Ni gari mzuri," Ouma akasema. "Lakini pia hii inakula. Nyumbani umebakisha nini?"

Makori aliachia kitasa. Akachukua pesa, akanunua mitamba wawili, akawaswaga mwenyewe kwa miguu kutoka Nyamira hadi Magwagwa, watu wakimtazama kutoka madukani. Baiskeli aliishusha darini jikoni, nyeusi kwa masizi. Alienda nayo kazini miaka minne, na kila kilichobaki kwenye mshahara na chai kikaenda zizini, mpaka wakawa sita tena.

Mwaka wa 1975 Ombati alipata mchumba mwingine, kupita Nyakoe. Alirudi kuwachukua ng'ombe, akamsalimu kaka yake kwa adabu, kama unavyomsalimu mtu wa ofisi. Yeye akatangulia, Makori akafuata nyuma na fimbo. Njia ilipita sokoni Nyakoe. Nyanchera alikuwa pale akiuza ndizi, mtoto mgongoni. Ombati alipita akitazama mbele tu. Nyanchera aliwatazama ng'ombe wakipita, mmoja mmoja, mpaka wa sita. Kisha akamwona Makori.

"Kumbe walikuwapo," alisema kwa upole, akainama kuzipanga ndizi zake.

Makori alimgusa ng'ombe wa mwisho kwa fimbo, akaendelea kutembea, kichwa chini.

FUNZO

Gari si dhambi. Wengine linawasaidia, na mgonjwa hupelekwa hospitali kwa gari. Lakini bei unayotajiwa siku ya kununua ndiyo ndogo kuliko zote. Kabla hujatoa pesa, uliza litakula nini kila mwezi, na chakula hicho kitatoka kwenye sahani ya nani. Kama kitatoka kwa mdogo wako, mkeo au watoto wako, panda baiskeli yako. Ukiwa nalo, fungua boneti kabla ya kushika polishi. Na ukiwa umekwisha kula cha mwenzako, mwambie mapema. Makori alirudisha ng'ombe wote sita, tena wazuri kuliko wa kwanza, lakini walifika wamechelewa miaka minne.